Jina la Ian Limefutwa

Mpendwa binti yangu Velma,

Bibi hajambo huko? Na mume wako Jotham, na kadogo Makena? Sisi tuko, Minneapolis theluji imeanza.

Velma, nimejaa kinyaa. Ndugu yako Ian alichagua mada ya utafiti wake wa chuo, ile database, yaani hifadhi ya data, ya bure inayokaa kwenye kompyuta nyingi, moja ikizima zingine zinaendelea. Sydney, mwanafunzi mwenzake anayekula chapati zangu kila Jumapili, akachukua maandishi ya Ian, akafuta jina, akampelekea mwalimu kama yake. Nikamuuliza. Akacheka, mdomo umejaa: "Auntie, ni open source, ni ya kila mtu."

Ian akasema, "Ya kila mtu, lakini jina la aliyeandika hubaki."

Sasa anataka kuchagua mada nyingine, anyamaze. Wewe anakusikiliza, mwambie aende kwa mwalimu. Nijibu upesi, kabla Sydney hajabisha mlango Jumapili.

Mama yako,
Margaret