Vidole Vilivyoandikwa Michezoni

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, maana nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka chini, mimi ni golikipa wa timu ya kiwanda chetu cha maboksi, wenzangu wananiita Sumaku, na mkono wangu wa kushoto una vidole vitatu vizima na viwili visivyo na ncha.

Kiwanda kizima kinajua viliumia mpirani, eti nilirukia shuti nikanasa kwenye ndoano ya wavu, na ni uongo, mshauri, vilikatwa na mashine ya kukatia maboksi, ambayo kifuniko chake cha kinga kiliondolewa kwa sababu boksi likikwama kukifungua kunachelewesha kazi. Sasa pale getini tuna ubao unaohesabu siku tulizokaa bila ajali, siku ile ulikuwa umefika mia mbili tisini na nane, na kwenye mia tatu tuliahidiwa kombe, basi msimamizi wa zamu akanifuata kwa nesi damu bado inanitoka, akaniambia, "Sumaku, wewe si mchezaji? Nani atauliza? Usituangushe, zimebaki siku mbili tu!" Daftari la nesi lina safu mbili, kazini na michezoni, na ya michezoni haigusi ubao, nikatia saini michezoni. Wala si mimi peke yangu, hata mama wa kantini aliyeungua na mafuta ameandikwa kaumia mazoezini, na yule mama hajapiga mpira tangu azaliwe.

Kombe tulipata, nikapiga nalo picha. Shida ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, niliyemwombea kazi mwenyewe, Jumatatu anahamishiwa mashine ileile na kifuniko bado kimeegemezwa ukutani. Juzi alikuwa ananibadilishia bendeji akasema, "Shemeji, mpira gani huo unaokata kucha?" Nikacheka naye. Nikisema ukweli wataniita msaliti, na saini ni yangu, nisiposema nitamtazamaje mke wangu?

Golikipa

Marahaba, Golikipa. Pole sana kwa vidole, na barua yako nimeipandisha juu ya zote ili itoke Jumamosi hii. Pole imekwisha, sasa nisikilize.

Mtu anayetoka damu hapaswi kuombwa saini, na aliyekuomba ana la kujibu. Hilo sikulaumu. Lakini damu imekauka zamani, shemeji yako amekuuliza mwenyewe, na wewe unacheka! Hapo umenikera. Na timu gani hiyo inayoumizwa na mafuta ya kukaangia? Mnacheza na masufuria?

Unaniuliza la kufanya na unalijua. Leo hii mwite shemeji yako, mkeo awepo, fungua bendeji uwaambie kilichokukata. Mwambie asiguse mashine ile mpaka kifuniko kirudi mahali pake na fundi aikague mbele ya macho yake. Kisha mtafute mama wa kantini. Jumatatu kabla ya zamu muwe kwa nesi nyote wawili na maelezo mapya ya maandishi: siku, saa, mashine, nani aliondoa kifuniko, nani alikwambia utie saini. Nakala moja kwa meneja, moja kwa chama chenu cha wafanyakazi, moja kwa mkaguzi wa serikali wa usalama kazini, na moja ibaki kwako. Usimpe mtu kwa mdomo tu, utazungushwa.

Msimamizi atanuna, mwache anune. Wenzako watakusema, pengine wiki mbili, pengine zaidi, na itakuuma, sikudanganyi. Umezoea kupigiwa mashuti, simama.

Na siku ubao utakaporudishwa sifuri, simama chini yake na shemeji yako mpige picha nyingine. Mwambie anyooshe mikono yote miwili, na uvihesabu vidole vyake mpaka kumi.