Mtazame Mtu Machoni

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Madaftari ya darasa la tano bado hayajaisha. Mkono umekufa ganzi. Mume wangu karudi na vijitabu viwili vya shule za Gaborone, anakoanza kazi Januari. Kimoja cha shule ya kawaida, watoto wa kila namna. Kingine cha shule yenye mtaala wa Uingereza: bwawa la kuogelea, watoto wamefunga tai. Yeye anaona ile ya kawaida inatosha.

Nimechagua ya tai. Sikusoma hata wanafundisha nini. Niliziona tu sura za walimu wenzangu siku nitakapowatumia picha. Binti yangu Vero alikuwa ameketi mkekani, ananitazama ninavyozigeuza zile picha.

Na ni mimi huyuhuyu niliyekuwa nawasimanga wazazi wa mtaa wetu wa Mwembesongo wanaopeleka watoto Kenya. Siku hizi kila kitu ruksa, nikiwaambia, hata kudharau shule iliyokulea. Walinisikiliza kwa adabu. Wakijua niliyofanya leo watanicheka, na watakuwa na haki.

Jumamosi, 9 Oktoba

Tumetoka Dar. Shule ile ya tai ina mama mmoja Mwingereza huko, anayewapima watoto wa huku kabla hawajapokelewa. Beno, mdogo wake Vero, kaingia anacheka. Kamwonyesha pengo la jino lililong'oka juzi. Miaka saba, haya hana. Kapita.

Vero kashindwa. Vero wangu, miaka kumi na mmoja, wa kwanza darasani, na darasa lenyewe nalifundisha mimi. Mtihani wa kuandika kaufanya vizuri. Kuulizwa maswali, kasimama mikono nyuma, macho sakafuni. Unapenda nini? Kimya. Shule yako unaionaje? Kimya. Yule mama akaniambia kwa upole kwamba mtoto ni mzito kidogo, itabidi arudishwe madarasa mawili nyuma.

Mzito! Mtoto kanyamaza kwa sababu ndivyo nilivyomlea. Mkubwa hatazamwi machoni. Mtoto hatoi maoni juu ya shule aliyopelekwa na wazazi. Ningeweza kumweleza. Sikumweleza. Niliitikia tu, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Nimeomba apimwe tena mwisho wa mwezi. Kakubali.

Jumanne, 12 Oktoba

Mazoezi yameanza. Baada ya chakula namweka Vero kitini mbele yangu. Nitazame machoni. Sema unaonaje. Sema hukubali, na utaje sababu. Leo kalia. Nikamwambia huko tuendako mtoto asiyesema huonekana mjinga. Mume wangu anasema namchanganya mtoto. Nikamjibu samaki mkunje angali mbichi. Akaenda kulala.

Jumapili, 17 Oktoba

Vero kaniambia, macho yake ndani ya yangu, kwamba mchicha una chumvi nyingi. Kweli ulikuwa nayo. Nilitaka kumfokea. Nikampongeza. Imeniuma hivyo hivyo.

Jumapili, 24 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Tulipanda Mgeta kwa kaka yangu, kuaga. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kaka ni mkulima wa njegere na kabichi, mtu wa maneno machache. Alitupokea vizuri. Togwa, viazi, kuku.

Baada ya misa ukoo ukakusanyika uani. Kwetu mtoto akipelekwa mbali mjomba humkalisha mbele ya watu, humuuliza kama amekubali. Mtoto huinamisha kichwa. Hasemi kitu. Kimya chake ndiko kukubali, ndipo mjomba humnyunyizia maji na kumwombea safari. Mimi mwenyewe niliulizwa hivyo nilipokwenda chuo cha ualimu. Najua kila kitu cha desturi hii. Wala haikunipitia kichwani kumwonya Vero.

Beno akaulizwa, akainama, akachezea vidole. Vizuri. Zamu ya Vero.

"Haya, mwanangu. Umekubali kwenda?"

Vero kamtazama mjomba wake machoni. Mgongo umenyooka, sauti safi. "Sikukubali, mjomba. Naona nibaki hapa nimalize darasa la saba. Shule ile mama kaichagua kwa sababu ya picha."

Mama mdogo mmoja kaguna. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mkono wangu, na mlio wa kibao shavuni kwake.

Kaka yangu akaliweka bakuli la maji chini. "Sabina. Nimemuuliza yeye, naye kanijibu. Sasa unampiga kwa kosa gani?"

Nikarudi kuketi. Mwalimu mzima.

Akawanyunyizia wote wawili maji bila neno lolote. Kwangu mimi hakugeuka tena mpaka tunaondoka. Njia nzima ya kushuka Vero katangulia na nduguye. Nilikuwa nyuma natazama kisogo chake. Wiki mbili namfundisha kusema anachoona. Siku aliyosema, nimempiga mbele ya ukoo mzima. Na alichosema ni kweli.

Jumatatu, 25 Oktoba

Kaniamkia asubuhi kama kawaida. Shikamoo, mama. Nimeona haya kuitikia marahaba. Mazoezi hakuna.

Jumatano, 27 Oktoba

Nimetaka kumwomba radhi. Mzazi kumwomba mtoto radhi, sijapata kuona kwetu. Nilisimama mlangoni kwake mpaka akauliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Nikaenda kumkaangia mayai mawili. Kala, kashukuru, kaosha sahani.

Jumamosi, 30 Oktoba

Dar tena. Kapita, tena vizuri mno. Kamtazama yule mama machoni, kajibu kila swali, hata kacheka mahali pa kucheka. Yule mama kafurahi, anasema huyu ni mtoto mwingine kabisa. Atawekwa na wenziwe wa umri wake. Mwisho kamuuliza: na wewe mwenyewe, unataka kuja kwetu? Vero kanitupia jicho mara moja. Halafu kamgeukia mzungu, kasema ndiyo, anatamani sana.

Kadanganya huku anamtazama mtu machoni. Hilo nalo nimemfundisha mimi.

Mume wangu kanunua soda njiani kusherehekea. Yangu sikuimaliza.

Jumatano, 3 Novemba

Mvua ndogo tangu mchana. Nyumba kimya, mume wangu katoka na Beno.

Nimeketi na Vero chumbani, nikasema yote. Kwamba nilikosa kumpiga. Kwamba kuhusu picha alisema kweli. Kwamba akitaka kubaki, mjomba wake atampokea, misheni kuna shule. Au aende ile ya kawaida ya Gaborone. Achague mwenyewe, sitakasirika. Ilinichukua muda kuyatoa.

Alikuwa anakunja nguo. Kainamisha macho.

"Wewe ndiye unayejua, mama."

Nikangoja. Nilidhani ataongeza. Kakunja shati, kakunja lingine. Halafu kauliza kama masweta tuyafue kabla ya safari, au yaende hivyo hivyo.

Nimesema tuyafue. Nimekwenda kuchota maji.