Damu ya Mulki Imesema Nini

Garissa, 6 Mei 2024

Hooyo macaan,

Asalaam aleikum, mama yangu mpenzi. Natumai mvua imefika Hadado na mifugo imeshiba. Sisi tu salama, mume wangu Zakariye anakusalimu.

Leo nimetoka hospitali. Damu imepimwa na majibu ni pozitifu. Nimeketi nayo tangu adhuhuri. Nitakueleza nikipata maneno.

Mwanao, Mulki

*

Hadado, 9 Mei 2024

Mwanangu Mulki,

Waaleikum salaam warahmatullahi. Tumenyeshewa, alhamdulillahi. Mahali palipokuwa vumbi tupu sasa pana maji yanayong'aa, na ngamia wakiinama kunywa huonekana kama wanabusu ngamia wengine walio chini.

Ujumbe wako niliusoma nikikamua, maziwa yakanimwagikia miguuni nisijali. Tangu uolewe nimeomba nilisikie neno hilo. Usiku nilimwona mtoto amelala juu ya wingu jembamba kama shashi, nami natembea chini yake mikono imekunjuka, sichoki. Akiwa msichana mwite Iftin, yaani nuru.

Nimempigia mama mkwe wako, Ayan, maana furaha hii ni yake pia. Kula vizuri. Usibebe maji.

Hooyo wako, Habibo

*

Garissa, 12 Mei 2024

Hooyo,

Asalaam aleikum. U mzima? Mimi mwili unauma, na moyo pia.

Jana Ayan alikuja na samli na nguo nyeupe za mtoto. Nilizipokea, vidole vikakataa kukunjika, zikaanguka. Ikabidi nimweleze. Aliondoka bila kunywa chai.

Sina mimba, Hooyo. Ni baridi yabisi, ile inayokula viungo. Askari wa mwili wamepotea njia, wanapiga nyumba yao wenyewe. Kipimo kimoja kinaitwa RF. Daktari alisema hicho peke yake hakitoshi, kwani hata mtu mzima wa afya anaweza kuwa nacho, na mgonjwa anaweza kukikosa. Lakini kingine, anti-CCP, nacho ni pozitifu, na kiko juu sana. Halafu damu yangu waliiacha itue kwenye mrija mwembamba, chembe zikashuka upesi, ishara kwamba ndani kuna uvimbe. Alivibonyeza vidole kimoja kimoja, akaniuliza asubuhi huchukua muda gani kulegea. Nikamwambia hadi jua lipande.

Kuna dawa, ya mara moja kwa wiki. Nikiimeza sipaswi kushika mimba. Nikitaka mtoto niseme mapema, wanibadilishie. Nikichelewa kutibiwa, viungo vikiharibika havirudi. Zakariye amesema nianze. Mamake anasema tungoje mtoto kwanza. Kidonge bado kiko kwenye pakiti.

Nisamehe kwa neno lile moja.

Mulki

*

Hadado, 30 Mei 2024

Mulki wangu,

Asalaam aleikum. Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nakusanya furaha niliyoitawanya. Nimepita kila nyumba niliyoipelekea habari, nikaeleza upya. Wengine walilia, Habiba wa kisimani akanipa uturi nikuletee. Muuguzi wetu, Warsan, nilimsomea barua yako, akasema daktari wako amesema kweli.

Siandiki mengi. Meza dawa. Basi la Wajir likipata njia kavu, naja.

Hooyo

*

Garissa, 18 Agosti 2024

Hooyo macaan,

Asalaam aleikum. Umefika salama? Nyumba imekuwa pana tangu uondoke.

Nimepimwa tena. Chembe sasa zinatua polepole, kama vumbi baada ya mifugo kupita. Ile anti-CCP bado ipo, daktari anasema huenda isiondoke, tusiifukuze, tuangalie viungo. Asubuhi ningali mzito, lakini jana nilimimina chapati ya anjera mwenyewe. Ilitoka imepinda. Zakariye akala yote.

Kuna jambo sikukwambia ukiwa hapa. Siku ile Ayan alipokuja, mkaketi uani, nilikuwa nyuma ya pazia. Alikuuliza ukoo utangoja hadi lini. Kisha ukasema, "Ayan, mimi nilimzaa Mulki. Sikumzaa ili azae."

Niliegemea ukuta, nikahisi kama sakafu imekuwa maji na mimi naelea. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini, halafu Ayan akauliza, taratibu, dawa yangu nameza siku gani.

Ni Ijumaa. Kila Ijumaa Ayan hupiga simu kunikumbusha, hata kama tayari nimemeza, nami husema sijameza bado, ili amalize maneno yake.

Mwanao, Mulki