Siku Tano za Mtoto Wangu

Grimsby, 9 Novemba

Dada Hilary,

Mvua haijakatika, na Colin wangu hatimaye ameziba bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Sweta ndogo uliyofuma imefika. Nimeiweka kabatini.

Unakumbuka tulivyofurahi Agosti? Kwa hesabu ya hedhi yangu, ningejifungua tarehe 25 Februari. Kipimo cha picha kikaonyesha mtoto ni mdogo kidogo, hospitali wakaandika tarehe 2 Machi. Nikapanga likizo upya.

Alizaliwa Alhamisi, akiwa amekufa. Mkunga alifungua faili langu, akahesabu.

“Kwa tarehe yako, mpenzi, ni wiki ishirini na nne na siku moja. Kwa yetu, bado siku nne zitimie.”

Kwa sheria ya hapa, wiki zisipotimia ishirini na nne, hakuna cheti cha mtoto wala likizo ya uzazi.

“Si mrudishe ile tarehe ya kwanza?” nikauliza.

“Inayohesabiwa ni ya picha. Pole sana.”

Jana Denise, msimamizi wangu, alipiga simu. “Usije kazini, shoga. Nitaandika unaumwa. Sasa niseme unaumwa nini?”

Maziwa yalikuwa yakinitoka, yakilowesha blauzi yangu.

Mdogo wako,
Gwenda