Sekunde Hamsini na Tano

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa miguu. Mwanao aliniambia imeanza kuvimba tena. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo imechoka.

Hapa kwenye kiwanda cha kufulia tumebaki tisa kati ya ishirini na wawili. Meneja anasema kampuni inajipunguza, utadhani ni nywele. Chumba cha kukunjia mashuka kimepoa. Kila mtu ana vibanio viwili ukutani: unabana pembe mbili, unarudi nyuma, unakunja peke yako. Kibanio hakicheki. Hakinisemi, kama ulivyokuwa ukinisema, kwamba navuta shuka kana kwamba namnyang'anya mtu. Miaka kumi na mmoja tulikutana katikati, vidole kwa vidole, mara mia tatu kwa siku. Sasa nikifika katikati hakuna mtu.

Nimeitwa na kiwanda kipya upande wa pili wa mji, niwe msimamizi wa wakunjaji, nikikunja nao. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Shoga yangu wa chumba cha pasi ameniita mjinga kwa kusita: eti nasubiri meneja anizike kwa heshima? Nikamwambia niliingia hapa sijui hata kuwasha pasi, leo mitambo yote naijua kwa mlio, kwa hiyo waondoke wao. Akacheka hadi akakohoa.

Lakini kinachonikwamisha ni kingine, dada. Mwaka jana meneja aliniuliza, kwa kuwa napenda hesabu, kazi ya kukunja ifupishwe vipi. Nikapima kwa saa. Watu wawili, sekunde arobaini kwa shuka, yaani themanini za kazi. Mtu mmoja na vibanio, hamsini na tano. Vibanio vilikuwa wazo langu. Nilimwandikia kwa mwandiko mzuri, nikasubiri sifa, nikasifiwa. Wiki tatu baadaye orodha ilibandikwa, jina lako la nne. Ukalia begani kwangu ukimlaani aliyeleta vibanio, nami nikaitikia amina.

Kule kwenye kiwanda kipya bado wanakunja wawili wawili. Nimewaambia nikikubali nitakwenda na mwenzangu, yaani wewe. Ningenyamaza kuhusu vibanio ungekuja mbio, najua. Ndiyo maana nimeandika kwanza. Usipokuja nitakwenda vilevile, maana vibanio hivi siwezi kuvitazama tena. Watanipa mtu wa kushika upande wa pili. Hatakuwa wewe.

Wasalimie wanao wote. Nijibu, dada, hata kama ni matusi matupu. Mwandiko wako tu nimeukosa.

Ni mimi mdogo wako.