Ni Nitakuoa, Siyo Nitakuua!

Shosti, yamenikuta. Niko kwenye korido ya studio.

Yule mwimbaji mgeni wa ng'ambo ninayetunga naye wimbo wa harusi kaimba kiitikio changu kwa hisia zote: "Mpenzi, nitakuua."

NITAKUUA, shosti! Badala ya nitakuoa!

Meneja wake eti, "Liache, huko kwetu nani atajua?"

Nikaropoka, "Huku kwetu bibi harusi atatoka mbio!"

Meneja akanitolea macho. Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Mgeni akavua hedifoni. "Basi imba wewe."

"Mwanamke haoi, anaolewa."

"Basi nijibu."

Akarudia mpaka neno likanyooka, nami nikamjibu kwenye maikrofoni: "Nimekubali."

Sasa yeye na meneja wamejifungia ndani, wanabishana kama sauti yangu ibaki. Lakini naisikia mlangoni. Wanairudia tu, shosti. Hawaizimi.