Hoki Katikati ya Sala

Jumamosi usiku, Aprili

Kinyaa. Sina neno lingine.

Tulikwenda Coon Rapids, mji jirani huku ughaibuni, kumpa pole Mama Neema. Baba yake amezikwa leo Moshi na yeye hakuweza kusafiri, kwa hiyo mume wangu aliunganisha simu yake na televisheni ili sote tuone video ya maziko. Mpaka hapo nilijivunia.

Mchungaji akasema tuombe. Tumefumba macho, mara nasikia kelele za uwanjani. Kumbe bwana mkubwa kafungua mechi ya hoki, kasahau kwamba simu bado imeunganishwa! Palipokuwa na jeneza sasa kuna mijitu yenye helmeti inasukumana kwenye barafu.

Hilo ningelisamehe. Lakini timu yetu, ambayo kila mtu alisema itanyanyaswa mechi hii ya kwanza ya mtoano, ikafunga bao la ushindi, na wanaume wote wakaruka. Mchungaji naye! "Amina" yenyewe bado.

Nilitamani ardhi inimeze. Kwenye gari namsema, ananijibu, "Lakini Mama Imani, nani alitegemea tutashinda?"

Ovyo kabisa.

Sasa hivi Mama Neema kapiga simu. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. "Dada, mechi ya pili ni lini? Njooni muitazamie hapa. Tangu mmeondoka narudia ile video ya jeneza peke yangu."

Nimemwambia keshokutwa. Tutakwenda.

Ila simu ya huyu mwanamume nitaishika mimi.